Benzi ndogo: bei ya kununua ni moja, bei ya kuuza ni nyingine

Na Mwandishi Wetu, Kayanga

FEDHA ya kahawa ikiingia Karagwe na Kyerwa haikai muda mrefu ikiwa noti. Sehemu huenda kwenye mabati na saruji, sehemu kwenye ada za shule, sehemu hurudi sokoni kununua maharage, na msimu ukiwa mzuri sehemu fulani hugeuka magari. Mwaka 2024 bei ya robusta katika soko la London ilivuka dola 5,000 kwa tani, na mwenye duka la vipuri pale Omurushaka hakuhitaji mchumi wa kumfafanulia maana yake.

Kwa kawaida ukurasa huu hushughulika na bei za mazao. Safari hii tunaliweka gunia kando na kutazama bidhaa ambayo wasomaji wetu wengi huinunua mara moja au mbili tu maishani, tena mara nyingi bila kuipigia hesabu kama wanavyopigia hesabu tani moja ya maharage. Bidhaa yenyewe ni gari lenye jina kubwa kwa bei ndogo.

Anayepitia matangazo ya magari yaliyotumika kutoka Japan atakutana nalo mapema. Mercedes-Benz C180 ya umri wa miaka kumi na kitu, rangi bado inang'aa, viti vya ngozi, huuzwa kwa bei inayokaribiana na ile ya Toyota Harrier ya umri huohuo, na mara nyingine pungufu. Mtu aliyekulia katika nchi ambayo neno “Wabenzi” lilikuwa na maana ya tabaka zima la wakubwa lazima ajiulize: imekuwaje nyota ile iuzwe chini ya Toyota? Na je, ni rahisi kweli, au ni rahisi siku ya kununua tu?

Ili kulijibu swali hilo inabidi kurudi Ujerumani, mwezi Desemba 1982.

Mlango wa tatu wa Stuttgart

Hadi wakati huo kampuni ya Daimler-Benz ya Stuttgart ilikuwa na ngazi mbili za magari ya saluni. Ya chini ilikuwa ile jamii ya W123 iliyotoka mwaka 1976, ndiyo 200D na 240D ambazo ziligeuka teksi kutoka Hamburg hadi Kairo, na ya juu ilikuwa S-Class. Aliyetaka nyota kwenye boneti aliingia kwa mlango wa 200 au akabaki nje. Si kwamba kampuni haikuwahi kuwa na gari dogo. Ile 170V ya mwaka 1936 ilikuwa ndogo, na toleo lake la dizeli la mwaka 1949 lilisaidia sana kuisimamisha kampuni baada ya vita. Lakini kadiri Wajerumani walivyotajirika, ndivyo magari ya Benzi yalivyonenepa.

Mambo mawili yaliwarudisha kwenye udogo. La kwanza ni mafuta: bei ilipopanda ghafla mwaka 1973, mnunuzi alianza kuuliza gari linakunywa lita ngapi. La pili lilitoka kwenye sheria ya Marekani ya mwaka 1975, iliyomtaka kila mtengenezaji wa magari kuhakikisha kwamba magari yake yote anayouza nchini humo, kwa wastani, yanafikia maili 27.5 kwa galoni ifikapo mwaka 1985. Kwa vipimo vyetu hiyo ni takriban kilomita 11.7 kwa lita. Kwa kampuni iliyokuwa ikiwauzia Wamarekani magari mazito yenye silinda nane, wastani huo usingepatikana bila gari jepesi la kuupandisha. Aidha, BMW ilikuwa na jamii yake ya 3 tangu mwaka 1975, nayo ilikuwa ikiwachukua vijana wenye mishahara kabla hawajafika umri wa kununua Benzi.

Tarehe 8 Desemba 1982 ndipo 190 na 190E zilipooneshwa. Jina linaweza kumchanganya msomaji, kwani injini haikuwa ya lita 1.9 bali ya sentimita za ujazo 1,997. Namba 200 ilikuwa tayari inatumika kwa gari kubwa, na kampuni haikutaka mtoto aitwe sawa na baba. 190 ya kabureta ilikuwa na nguvu za farasi 90. 190E, yenye kuchoma mafuta kwa pampu ya sindano, ilikuwa na 122. Urefu ulikuwa mita 4.42, yaani pungufu kwa takriban sentimita 30 kuliko W123. Mchoro ulikuwa wa Mwitaliano Bruno Sacco, na mara moja watu wakalibatiza gari hilo Benzi mtoto.

Hapa ndipo penye jambo la kujifunza kwa mfanyabiashara. Gari hilo lilikuwa nafuu kwa kipimo cha Benzi tu. Nchini Ujerumani lilianza kuuzwa kwa zaidi ya marka 25,000, na kwa fedha hiyo mnunuzi hakupewa hata redio. Katika miaka ya mwanzo usukani wa pawa nao ulilipiwa pembeni. Waandishi wa magari wa huko walilalamika, na walalamikaji wengine walikuwa wale waliokaa kiti cha nyuma, kwa sababu magoti hayakuwa na pa kwenda. Kampuni iliwasikia polepole: marekebisho ya mwaka 1988 yaliongeza nafasi ya nyuma.

Lakini tazama kilichopunguzwa na kisichopunguzwa. Waliondoa urefu, wakaondoa redio, wakabana nafasi. Hawakugusa chesesi. Kila gurudumu la nyuma lilishikwa na mikono mitano, mpangilio uliokuwa mpya kabisa kwa gari la daraja hilo na ambao baadaye ulihamia kwenye Benzi kubwa iliyofuata, W124 ya mwaka 1984. Yaani gari dogo halikupewa makombo ya gari kubwa. Gari kubwa ndilo lililorithi kutoka kwa dogo. Dizeli ya mwaka 1983 ilifungiwa injini yake ndani ya boksi la kupunguza kelele, hata Wajerumani wakaiita dizeli inayonong'ona.

Kisha wakaingia gharama ambayo mhasibu wa kawaida asingeikubali. Mwezi Agosti 1983 waliyapeleka magari ya 190E yenye valvu 16 kwenye uwanja wa Nardò, Italia, yakakimbizwa kilomita 50,000 kwa mwendo wa wastani wa karibu kilomita 248 kwa saa. Mei 1984, uwanja mpya wa Nürburgring ulipofunguliwa, walikusanya madereva mashuhuri wa mbio wakawapa kila mmoja 190E ya aina moja. Aliyeshinda alikuwa kijana wa Brazil ambaye wengi walikuwa hawajamjua, Ayrton Senna. Kwa nini kampuni ihangaike hivyo kwa gari lake la bei ya chini? Kwa sababu ilikuwa inalinda bei ya lile la juu. Kama mtoto angeonekana dhaifu, mwenye S-Class angejiuliza amelipia nini.

Mpaka uzalishaji ulipokoma mwaka 1993, karibu magari 1,880,000 ya jamii hiyo yalikuwa yametengenezwa. Mrithi wake alipewa jina la C-Class, na hilo ndilo jina tunaloliona leo kwenye matangazo ya yadi.

Wakati huo sisi tulikuwa wapi

Benzi mtoto alizaliwa wakati ambao Tanzania haikuwa na fedha za kigeni hata za vipuri vya malori ya kubebea kahawa. Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 vilikuwa vimekula akiba, mafuta yalikuwa ghali, na magari mapya yaliingia kwa kibali kupitia shirika la umma, State Motor Corporation. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine aliongoza vita dhidi ya wahujumu uchumi. Huo haukuwa mwaka ambao mfanyabiashara mwenye akili angeegesha Benzi mpya mbele ya duka lake.

Neno “Wabenzi” lenyewe ni la zamani kuliko gari tunalolizungumzia. Lilizuka Afrika Mashariki baada ya uhuru kuwataja wale waliorithi ofisi na magari, na lilikuwa neno la kuchoma. Azimio la Arusha la Februari 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na hisa, mishahara miwili au nyumba za kupangisha. Halikutaja nyota kwenye boneti, ila kila mtu alijua inasimamia nini.

Mlango ulifunguliwa kidogo mwaka 1984, serikali iliporuhusu mwenye fedha zake za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa alizipata wapi. Rais Ali Hassan Mwinyi aliingia madarakani mwaka 1985, makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa yakafuata mwaka 1986, na mwaka 1991 Azimio la Zanzibar likalegeza masharti ya uongozi. Msimu wa 1994/95 wafanyabiashara binafsi waliruhusiwa kununua kahawa kwa wakulima, muda mfupi tu baada ya baridi kali kuunguza mikahawa ya Brazil katikati ya mwaka 1994 na kupandisha bei duniani. Wakaragwe waliokuwa na umri wa kufanya biashara wakati ule hawahitaji kukumbushwa miezi hiyo.

Hata hivyo, jambo lililoamua hatima ya Benzi kwetu halikuwa siasa bali shilingi. Dola moja iliyobadilishwa kwa takriban shilingi 17 mwaka 1985 ilibadilishwa kwa takriban shilingi 575 mwaka 1995. Aliyenunua gari kwa shilingi za leo alitengeneza kwa shilingi za kesho. Kipuri cha Benzi kilipangiwa bei kwa marka na baadaye kwa yuro, na bei hiyo haikushuka eti kwa sababu gari limezeeka. Gari la umri wa miaka 12 linaweza kuuzwa kwa sehemu ndogo ya bei yake ya mwanzo, lakini giaboksi yake inadai fedha kama ya gari la matajiri, kwa sababu ndivyo ilivyo. Hiki ndicho kiini cha unafuu wa magari haya: kinachoshuka ni bei ya gari zima, wala si bei ya vipande vyake.

Na Wabenzi wakahama. Kwa upande wa Tanzania wakubwa walipanda Land Cruiser kubwa za VX, mtaani zikaitwa mashangingi. Wakenya nao walijaribu ubanaji mwaka 2009, Waziri wa Fedha wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, alipowataka mawaziri warudishe magari makubwa na kupanda Volkswagen Passat za injini isiyozidi sentimita za ujazo 1,800. Wapo waliozipokea kwa uso wa mtu aliyepewa ugali bila mboga.

Jina lisilo na gari ndani yake

Si kila mwenye jina kubwa aliyejaribu kushuka alishuka salama. General Motors ya Marekani, ikiwa na hofu ileile ya mafuta na sheria ileile ya wastani, iliharakisha mwaka 1981 kutoa Cadillac ndogo iitwayo Cimarron. Lakini chini ya ngozi lilikuwa gari la kawaida la Chevrolet Cavalier, likabandikwa nembo za Cadillac na kupandishwa bei. Wanunuzi walikuwa na macho. Gari hilo lilifutwa mwaka 1988, na mpaka leo Wamarekani hulitaja kama mfano wa jinsi ya kulipaka matope jina lako mwenyewe. Jaguar ya Uingereza ilipita njia inayofanana na hiyo mwaka 2001 kwa X-Type, iliyotokana na Ford Mondeo, ikaachana nayo mwaka 2009.

Mercedes wenyewe karibu wateleze. Mwaka 1997 walishuka ngazi nyingine wakatoa A-Class, gari fupi la mita 3.57, la kwanza la nyota hiyo kuendeshwa kwa magurudumu ya mbele. Mwezi Oktoba mwaka huo mwandishi wa jarida moja la magari la Sweden alilijaribu kwa kulikwepesha ghafla, kama dereva anavyomkwepa mnyama barabarani, likapinduka. Kampuni ilianza kwa kubisha, kisha ikasimamisha kukabidhi magari kwa wateja, ikabadilisha chesesi na kuyafunga yote kifaa cha elektroniki cha kuzuia kuyumba, ambacho kabla ya hapo kilikuwa kitu cha magari ya daraja la juu. Gharama ilikuwa mamia ya mamilioni ya marka. Waliokuwa wamejenga sifa kwa kilomita 50,000 za Nardò walikaribia kuipoteza kwa kona moja. Mwaka 2022 kampuni hiyo ilitangaza kwamba itapunguza aina za magari yake madogo ya kuanzia kutoka 7 hadi 4, kwa hoja kwamba faida iko juu.

Gari lisilo na jina lake

Sasa tugeuze shilingi upande wa pili, maana kwetu Kagera ndio upande unaopita barabarani kila siku.

Mwezi Desemba 1997 Toyota ilizindua Japan gari liitwalo Harrier. Mwaka uliofuata gari hilohilo, lenye umbo lilelile, liliuzwa Marekani kama Lexus RX 300, yaani kwa jina la kifahari ambalo Toyota ilikuwa imelianzisha mwaka 1989 mahsusi ili kushindana na akina Mercedes. Japan yenyewe haikuwa na maduka ya Lexus hadi mwaka 2005. Kwa hiyo, kwa miaka kadhaa, Mjapani aliyenunua Harrier alikuwa akinunua gari la kifahari lisilo na jina la kifahari, na alipolichoka likapanda meli kuja Dar es Salaam. Toleo la pili la mwaka 2003 ndilo watani wa Bongo waliloliita “tako la nyani”, kwa sababu ya taa na umbo la nyuma, na jina hilo halikupunguza wateja hata mmoja.

Injini yake ya sentimita za ujazo 2,362 inatumika pia katika Kluger, Alphard na Toyota nyingine kadhaa. Fundi anayeijua moja anazijua zote. Kipuri kikikosekana dukani Kayanga kinapatikana Bukoba, na kikikosekana Bukoba kinapanda basi kutoka Mwanza. Kwa C180 hali ni tofauti. Injini nyingi za C180 na C200 za miaka ya 2000 ni za jamii ya M271, ambayo mnyororo wake wa taimingi hujulikana kwa kulegea. Ukipuuza kelele zake asubuhi, valvu hukutana na pistoni. Giaboksi ya gia saba ina sahani ya elektroniki ndani yake ambayo ikifa, gari hubaki kwenye gia moja. Vyote viwili vinatengenezeka. Vinahitaji kompyuta ya kusoma hitilafu, fundi anayeielewa, na kipuri kilichoagizwa kutoka Dar es Salaam au Dubai. Lami ya Kyaka hadi Bugene imetupunguzia mateso, lakini njia nyingi za kuingia vijijini Kyerwa bado ni za vumbi na mawe, na saluni iliyoshushwa tumbo kwa ajili ya barabara za Ujerumani haina urafiki na mawe.

Hapo ndipo penye jibu la swali la mwanzo. C180 ni rahisi Japan kwa sababu Mjapani naye anaogopa gharama za kuitunza ikizeeka, na kwa sababu wanunuzi wake nje ya Japan ni wachache. Harrier ni ghali kwa sababu Mtanzania, Mkenya na Mganda wote wanaitaka. Soko limekwisha kupiga hesabu kabla yako.

Hesabu ya bandarini

Tuchukue gari ambalo thamani yake, pamoja na bima na usafirishaji hadi bandarini, ni shilingi milioni 10, lenye injini ya sentimita za ujazo 1,796 na umri unaozidi miaka 10. Kwa viwango ambavyo vimetumika miaka ya karibuni, ushuru wa forodha wa asilimia 25 ni milioni 2.5, hivyo tunafika milioni 12.5. Ushuru wa bidhaa wa asilimia 5 kwa injini ya kati ya 1,000 na 2,000 ni shilingi 625,000. Ushuru wa uchakavu, asilimia 30 kwa gari la zaidi ya miaka 10, ni milioni 3.75. Juu ya jumla hiyo yote, milioni 16.875, inakuja VAT ya asilimia 18, ambayo ni shilingi 3,037,500. Jumla ya kodi ni shilingi 9,912,500, bila tozo ndogo ndogo, gharama za wakala, wala mafuta ya kulitoa Dar es Salaam hadi huku, safari ya zaidi ya kilomita 1,300.

Gari hilohilo likiwa na umri wa chini ya miaka 8 halilipi uchakavu, na kodi inashuka hadi takriban milioni 5.5. Injini ikizidi 2,000, kama ilivyo kwa Harrier, ushuru wa bidhaa ni asilimia 10, na kwa gari la zaidi ya miaka 10 kodi inafika milioni 10.65. Kwa hesabu hiyo injini ndogo ya Benzi inakuokolea shilingi 737,500 kwa kila thamani ya milioni 10, na ndiyo hoja ambayo madalali hupenda kuitaja. Wasichokitaja ni kwamba TRA hutumia thamani iliyo kwenye mfumo wake yenyewe. Ukibahatika kuipata C-Class kwa bei ya kutupa kwenye mnada wa Japan, kodi yako inaweza kukokotolewa kwa thamani ya juu zaidi, na unafuu uliosherehekea Nagoya ukaishia Kurasini.

Tuseme sasa gari limefika, na limekugharimu milioni 22 hadi mlangoni. Mfanyabiashara wa maharage anajua kwamba iko miezi miwili katika mwaka ambayo shilingi iliyo mkononi ina thamani kuliko shilingi iliyo kitabuni. Maharage yakianza kushuka kutoka mashambani, mwenye fedha taslimu ananunua kwa bei ya shambani; asiye nayo anasubiri na kununua kwa mwenzake. Kwa mtu huyo gari ni akiba iliyo na magurudumu. Swali lake la msingi ni siku ngapi zinapita kati ya kusema “nauza” na kuishika fedha. Harrier au Probox iliyo nzima huwa na mteja hata kabla tangazo halijabandikwa. C-Class humsubiri mteja maalumu, mtu anayeipenda nyota na ambaye hana haraka, na mtu asiye na haraka hushusha bei.

Wazee wetu wana neno kwa mkulima anayeuza kahawa ingali maua mtini kwa sababu ana shida leo: butura. Serikali imeipiga marufuku mara nyingi na sababu inajulikana, mnunuzi wa butura hulipa nusu ya bei au chini yake. Mwenye gari lisilouzika, anayelazimika kulitoa Juni ili apate mtaji, anafanya butura ya bati na vioo.

Mwandishi hana ugomvi na nyota hiyo. Mtu anayeishi Mwanza au Bukoba mjini, mwenye fundi anayemfahamu kwa kazi yake, akanunua C-Class ya umri wa miaka saba kabla ya uchakavu kuanza kuhesabiwa, na akakusudia kukaa nayo muda mrefu, hajafanya kosa. Atakuwa na gari imara kuliko jingi linalompita. Hali kadhalika, zile 190E za awali zimeanza kutafutwa Ulaya na wakusanyaji, hasa Evolution II ya mwaka 1990, ambayo zilitengenezwa 502 tu. Lakini hiyo ni biashara ya watu wenye gereji zenye kiyoyozi. 190E ya kawaida iliyo chini ya mwembe haitakuwa dhahabu.

Kwa msomaji aliye na fedha mfukoni na tangazo mkononi, kipimo kilicho rahisi kuliko vyote hakihitaji kompyuta. Mpigie dalali wa Mwanza au Bukoba, mweleze gari kamili, mwaka, injini na rangi, kisha usimwulize analiuza kwa kiasi gani. Mwulize atakupa kiasi gani taslimu ukimpelekea kesho. Bei hiyo iandike pembeni ya ile ya yadi.

Jambo moja la mwisho kwa walio katikati ya safari. Viwango vya kodi vilivyotajwa hapa huguswa na bajeti, ambayo husomwa Juni na mabadiliko yake kuanza Julai 1. Mwenye gari litakalofika bandarini karibu na tarehe hiyo na amwulize wakala wake mapema ni kiwango kipi kitakachotumika, kabla ya kulipia meli.